Apu gani ilitubakiza pamoja wakati wa korona? Zoom, Meet, Houseparty, Telegram na grupu la WhatsApp, nimezipima zote

Naanza na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome hapa aende zake. Kama nyie ni watu mliosoma chuo pamoja halafu mkatawanyika, na bado mnataka kujuliana hali, kilichofanya kazi kuliko vyote kipindi kile sio simu ya video ya watu thelathini wanaopungiana mikono, ni grupu la WhatsApp lenye admini mkali na watu wasioona aibu kutuma voisi. Zoom naipa heshima yake na nitaieleza kwa kirefu maana najua wengi mnaipenda. Houseparty ni marehemu, tutamsema vizuri. Telegram inafaa lakini sio kwa kazi mnayoifikiria. Haya, wenye muda tuendelee.

Tukumbushane kwanza ilikuwaje. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani likasema rasmi kwamba sasa hii ni pandemia, na ndani ya wiki chache vyuo vikafungwa karibu dunia nzima, UNESCO walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu waliokuwa nje ya madarasa kuanzia chekechea mpaka chuo kikuu. Sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo. Lekcha zikahamia onlaini, watu wakadhani basi chuo chote kimehamia onlaini. Wapi! Lekcha ndio kitu pekee kilichohama, korido haikuhama. Nikisema korido naongelea yale maongezi ya kusimama, umeshika madaftari, unamkuta mtu kwenye foleni ya fotokopi anakwambia swali la tatu la asaimenti halieleweki, mnaanza kucheka, anapita mwingine anadakia, mara mmeshajua kwamba fulani anaumwa, fulani kagombana na rumeti wake, fulani kapata sehemu ya kwenda fildi. Hakuna aliyepanga hayo maongezi na hakuna aliyetuma linki. Urafiki wa chuo asilimia kubwa unaishi humo, sio darasani.

Kwa hiyo mimi nimepima hizi apu kwa kigezo hicho tu, inarudisha korido au hairudishi. Ubora wa picha sijali, kwamba inabeba watu mia au mia tano sijali vilevile, darasa letu lote halijawahi kukaa sehemu moja hata tulipokuwa chuoni. Na kuna kigezo kingine kidogo kinachokuja nyuma yake, inamwacha nani nje. Maana kila darasa lina mwenye simu ya zamani, lina aliye sehemu yenye mtandao wa kubahatisha, na lina ambaye bando lake likiisha limeisha mpaka mambo yakae sawa.

Zoom sasa. Hii kampuni ilianzishwa 2011 na Eric Yuan, jamaa aliyetoka Cisco alikokuwa kwenye mambo ya WebEx, huduma yao ya mikutano ya video, na ilitengenezwa kwa ajili ya mikutano ya maofisini. Hilo lishike maana ndilo linaloeleza kila kitu kuhusu Zoom, uzuri wake na ubaya wake. Disemba 2019 ilikuwa inapata washiriki wa mikutano kama milioni 10 kwa siku, Machi 2020 wakafika milioni 200, Aprili wakagonga milioni 300, yaani kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa ofisi kuonyeshana grafu kikageuka sebule ya dunia ndani ya miezi minne. Na kweli kiufundi ilistahimili, huo ndio ukweli na lazima nimpe mtu haki yake. Unatuma linki, mtu anabonyeza, anaingia, hata akaunti hana haja ya kufungua. Toleo la bure linabeba watu 100. Mtu mtandao wake ukiyumba picha inashuka ubora kwanza kabla sauti haijakatika, na hilo kwa maongezi ndio muhimu.

Shida inaanza mkishaingia wote. Dakika za mwanzo ni "mnanisikia?", "wewe hatukusikii washa maiki", "nani huyo mwenye mwangwi", mnamalizana na hapo halafu kinakuja kimya. Kwenye Zoom anaongea mmoja, wote mnamsikiliza, akimaliza anaongea mwingine. Huo ni mkutano jamani. Kwenye korido watu wanaongea wawili wawili, watatu watatu, kila kundi na yake, unasikia neno la kundi la pembeni unahama. Hapa ukitaka kumwambia mtu kitu cha pembeni inabidi ukiandike kwenye chati huku unaogopa usije ukakituma kwa wote. Matokeo yake wale waongeaji wetu wa siku zote ndio walioongea, na wale wapole waliokuwa wanachangamka mkiwa watatu tu wakabaki vipicha vidogo chini ya skrini wanatabasamu. Baada ya muda hata vipicha vikapungua, ikawa majina meupe kwenye vibox vyeusi.

Kuna dawa yake na wengi hawaitumii, vile vyumba vidogo ambavyo mwenye mkutano anaweza kuwagawa watu. Ukimpata mtu mmoja akubali kuwa mwenyeji, awagawe watatu watatu bila kuangalia nani rafiki wa nani, dakika nane hivi halafu awachanganye upya, hapo Zoom inakaribia korido kabisa. Sisi tulipoanza kufanya hivyo ndio nikajua kwamba kuna mtu nimesoma naye miaka yote na sikuwahi kujua ana pacha. Ila inataka mwenyeji mwenye moyo, maana yeye mwenyewe anakuwa bize kugawa watu kama msimamizi wa mitihani na hafaidi maongezi.

Zile dakika 40 za toleo la bure kila mtu anazilaumu, mimi nazitetea. Simu ya video ya kundi haina njia ya kistaarabu ya kuondoka, kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kuaga, mnabaki mnaangaliana. Dakika 40 zikikata hakuna lawama, anayetaka kurudi anabonyeza linki tena na anayetaka kulala analala, na wanaorudi ndio wenye stori zao za kweli. Awamu ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza, waulize waliokuwepo. Kwenye sikukuu za mwisho wa mwaka 2020 Zoom wenyewe waliondoa hiyo limiti kwa muda ili familia zikae pamoja, walifanya vizuri, lakini kwa darasa la watu waliozoeana nusunusu mimi limiti naitaka iwepo.

Kinachochosha kwenye Zoom ni uso wako mwenyewe. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mapema 2021 kuhusu uchovu wa simu za video, akataja sababu nne: unaangaliwa machoni na watu wengi kwa karibu mno, unajiona muda wote kama uko mbele ya kioo, umeganda sehemu moja huwezi kuzunguka, na akili inafanya kazi ya ziada kutoa na kusoma ishara ambazo ana kwa ana zinakuja zenyewe. Niliposoma nikasema kumbe sio uvivu wetu. Ile ya kujiona ina tiba rahisi, bonyeza vidoti kwenye picha yako uifiche, wengine wanaendelea kukuona ila wewe hujioni. Jaribu, utashangaa bega linavyoshuka.

Halafu kuna jambo ambalo sioni watu wakiliongelea sana. Chuo kilikuwa kinatusawazisha. Hosteli moja, vitanda vya aina moja, fulana ya darasa moja, hujui kwao nani kukoje mpaka akwambie. Kamera ilipowashwa kila mtu akaonekana kwao. Huyu ana meza na shelfu la vitabu nyuma, yule yuko kwenye kona ya chumba anachogawana na wadogo zake watatu na mmoja anapita nyuma na taulo. Tulikuwa na mwenzetu ambaye kamera yake siku zote inaangalia dari, unaona bati na waya wa taa na kipande cha paji la uso basi, watu wakawa wanamtania "bosi wa dari", naye anacheka. Kisha akaacha kuingia. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyesema neno baya, ila apu inayokutaka uonyeshe nyumbani kwenu ili uongee na rafiki zako imeshaweka kiingilio mlangoni, na sio kila mtu anakimudu. Mimi ningekuwa naendesha mikutano ya darasa leo ningesema kamera ni hiari kuanzia dakika ya kwanza, na mwenyeji mwenyewe azime yake mara mojamoja ili ionekane kawaida.

Usalama nao ulisumbua. Machi 2020 wavamizi walikuwa wanaingia kwenye mikutano ya watu na kurusha mambo machafu, mpaka FBI kule Marekani wakatoa tahadhari, na mwanzoni mwa Aprili Eric Yuan akaomba radhi hadharani, wakawasha paswedi na chumba cha kusubiri viwe vinakuja vyenyewe bila mtu kuviwasha. Novemba mwaka huohuo wakamalizana na tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliyowalaumu kwamba walitangaza usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, yaani wanaoongea tu ndio wanaoweza kusikia na hata kampuni haiwezi, wakati haukuwa hivyo. Huo wa kweli waliuleta Oktoba 2020 na lazima uuwashe mwenyewe. Kwa stori za darasa labda sio ishu kubwa, lakini linki ya mkutano usiiposti hadharani, itume kwa wahusika.

Na bando. Simu ya video ya kundi inaweza kula zaidi ya gigabaiti kwa saa ukiwa na picha nzuri, ukizima video inashuka sana. Nyota tatu kati ya tano kwa Zoom. Kwa tukio maalumu, mathalani mtu kamaliza, mtu kaoa, mtu kapata mtoto na mnataka wote kumuona siku hiyohiyo, napandisha mpaka nne.

Google Meet sina maneno mengi. Mwanzo ilikuwa ya wenye akaunti za taasisi, Mei 2020 wakaifungulia kila mwenye Gmail, watu 100, na limiti ya saa moja waliyoitangaza wakaisogeza mbele mara kadhaa mpaka 2021. Inafunguka kwenye brauza ya kompyuta bila kushusha kitu, hilo zuri. Lakini ndio ileile, mkutano, na kwetu iliunganishwa akilini na lekcha kwa sababu wahadhiri waliitumia, ukiona ile rangi tu unaanza kutafuta kalamu. Nyota tatu.

Houseparty ndiyo iliyoelewa tatizo. Naisema kwa uchungu. Ilikuwa imeanza 2016, Epic Games wakainunua 2019, na wazo lake lilikuwa kwamba hupangi muda wala hutumi linki: ukifungua apu tu rafiki zako wanapata notifikesheni kwamba uko ndani, anayejisikia anaingia, chumba kinachukua watu 8, kikijaa mnafungua kingine, unaweza kuhama chumba hadi chumba na kuna magemu ya kucheza mkiishiwa maneno. Hiyo ni korido kabisa! Unapita, unamkuta mtu. Wiki za mwanzo tulikuwa tunalala tumechelewa kwa ajili yake.

Mwishoni mwa Machi 2020 ukaja uvumi kwamba inaiba akaunti za watu, meseji zikazagaa futa futa futa, kampuni ikakanusha na kutangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeleta ushahidi kwamba kuna mtu anaichafua makusudi. Kwetu sisi nusu wakafuta na ndio ukawa mwisho wake, kwa sababu korido ikiwa na watu wanne haina raha, unafungua apu, hakuna mtu, unafunga. Oktoba 2021 wakaifunga moja kwa moja. Ilikuwa pia inamtaka mtu awe na muda na bando na simu nzuri usiku uleule, kwa hiyo hata ingeendelea ingewaacha wengi. Nyota nne za heshima, huwezi kuitumia leo.

Clubhouse, ile ya vyumba vya maongezi ya sauti, nitaipita, ilikuwa ya iPhone tu mpaka Mei 2021, robo tatu ya darasa walikuwa nje tangu siku ya kwanza, sasa hapo mnapima nini.

Tuje WhatsApp. Najua mtasema hii sio apu ya kufanyiwa tathmini, kila mtu anayo. Ndio hoja yenyewe hiyo. Februari 2020, kabla mambo hayajachafuka, walishatangaza watumiaji bilioni mbili. Hakuna mtu wa kumfundisha, hakuna wa kumbembeleza ashushe. CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, alikuwa na grupu la darasa tangu mwaka wa kwanza, la kutangaza kwamba lekcha imeahirishwa na nani kaacha flashi kwenye kompyuta ya maktaba, na grupu hilohilo ndilo lililobeba mzigo wote.

Simu zake za kundi zilikuwa dhaifu, tuseme ukweli. Kabla ya korona zilikuwa zinachukua watu wanne, mwishoni mwa Aprili 2020 wakapandisha hadi 8, leo wamefika 32. Watu 8 kwenye darasa la watu sabini ni siasa tupu, nani kaitwa nani hakuitwa, wa tisa anaona picha ya skrini kesho yake anauliza kwa upole "kumbe mliongea jana?" na hiyo kumbe ina uzito wake. Kwa simu za video za kundi naipa mbili.

Grupu lenyewe nalo mwanzoni lilikuwa jehanamu. Kila asubuhi unaamka na meseji mia mbili, mia na themanini ni za kufowadi: mvuke, maji ya moto na chumvi, sauti ya daktari asiye na jina kutoka hospitali isiyo na jina. Watu tuliosoma nao, wenye digrii, wanafowadi. Aprili 2020 WhatsApp wakabana, meseji iliyokwisha kufowadiwa mara tano au zaidi ikawa haiendi ila kwenye chati moja kwa wakati, na wakasema baadaye mwezi huohuo kwamba aina hiyo ya meseji ilipungua kwa asilimia 70. Kwetu ilipungua kweli lakini iliyotuokoa ni admini. Dada mmoja, mpole kweli darasani, alipopewa uadmini akageuka chuma. Akatengeneza magrupu mawili: moja la matangazo ambalo wanaandika maadmini tu, hilo lina masomo na taarifa nzito, na jingine kijiwe. Kijiweni ukifowadi kitu cha afya bila kusema umekitoa wapi anakifuta halafu anakufuata inboksi, hakusemi mbele za watu. Watu wawili walilefti kwa hasira na wote wawili wakarudi. Mkitaka kuanzisha grupu la wahitimu leo tafuteni mtu wa namna hiyo kabla hata ya kutafuta picha ya profaili.

Sasa voisi. Hapa ndipo nataka tukae.

Voisi inarekodiwa hata kama mtandao haupo, inasubiri, ukirudi inakwenda. Dakika moja ya kuongea haifiki hata megabaiti moja. Haitaki kamera, haimuulizi mtu dari lenu likoje. Na haiwataki mkutane wote saa ileile, hilo ndilo kubwa kuliko yote, maana baada ya muda kidogo maisha yalishatutofautisha kabisa, kuna waliokuwa zamu za usiku, kuna waliokuwa wanauguza, kuna waliokuwa wanalea, ukisema "wote saa mbili usiku" unakuwa umeshachagua nani abaki. Kwenye voisi mtu anaongea saa yake na anasikilizwa saa ya wengine, lakini bado unasikia anavyopumua, unasikia anacheka kabla hajafika kwenye kichekesho.

Kuna dada mmoja darasani kwetu alikuwa anatuma voisi akiwa anaosha vyombo. Unasikia sahani, unasikia bomba, anaanza "jamani leo nimekumbuka ile siku ya presentesheni" halafu bomba linafunguliwa unapoteza maneno matano, linafungwa anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, katikati anamkaripia mtoto, anarudi, "nilikuwa nasema nini?", na hasubiri jibu. Dakika sita. Watu walikuwa wanamsubiri. Mtu anajibu na voisi yake akiwa anatembea, viatu vinasikika kwenye kokoto, anahema, wa tatu anajibu kwa kunong'ona kwa sababu watu wamelala. Ukizisikiliza zote mfululizo usiku unapata kundi la watu waliosimama sehemu moja wanadakizana, ingawa waliongea kwa kupishana masaa. Korido imerudi, na haikurudishwa na kampuni yenye kamera kali.

Na kwenye msiba nilithibitisha. Mwenzetu alifiwa na baba yake kipindi ambacho hakuna kusafiri na mazishi ni watu wachache waliohesabiwa. Grupu likajaa pole sana, pole sana, mikono iliyounganishwa, meseji moja imekopiwa na watu ishirini mpaka kosa lake la tahajia limekopiwa. Sio kwamba hawakuumia, ni kwamba maandishi kwenye grupu yanamfanya kila mtu aseme alichosema wa juu yake. Simu ya video tuliijaribu, ilikuwa mbaya, yeye analia kwenye kibox katikati na sisi thelathini tunamwangalia, hakuna anayejua aongee nani. Kilichomsaidia alisema mwenyewe baadaye, ni voisi zilizokwenda inboksi kwake, mojamoja, nyingine za watu ambao chuoni hawakuwa karibu naye kabisa. Alizisikiliza kidogokidogo, nyingine baada ya wiki kadhaa alipokuwa na nguvu, na anazo mpaka leo.

Sasa kasoro, maana zipo. Kuna watu wanatuma voisi ya dakika nne kuuliza kitu cha ndio au hapana, hao wapewe onyo. Katikati ya 2021 WhatsApp wakaleta kuongeza kasi, mara moja na nusu na mara mbili, wengi wakafurahi, mimi kwa rafiki situmii, mtu anakwambia ameachwa wewe unamsikiliza kwa mara mbili, hapana. Kutafuta kitu ndani ya voisi ni shida, unakumbuka kabisa fulani alisema jina la ile ofisi inayoajiri ila hujui ni kwenye ipi kati ya voisi mia. Kugeuza voisi kuwa maandishi wameleta mwishoni mwa 2024 lakini kwa lugha chache. Mwenye tatizo la kusikia naye voisi zinamtenga kabisa, kwetu tuliweka utaratibu kwamba kwenye kijiwe ukituma voisi ndefu unaweka mstari mmoja wa maandishi juu yake, unahusu nini, na kumbe ule mstari umesaidia kila mtu.

Telegram tulihamia, au tuseme tulijaribu kuhama, Januari 2021 wakati WhatsApp walipotoa taarifa ya sera mpya ya faragha na dunia nzima ikataharuki. Wiki moja magrupu yote mawili, kila mtu haelewi ajibu wapi, wa tatu anasema twende Signal. Baada ya muda mfupi kijiwe kikarudi chenyewe WhatsApp bila kikao. Lakini Telegram haikufutwa, tukaigeuza sehemu ya kuhifadhi: faili hadi gigabaiti 2, aliyejiunga leo anaweza kuona vya zamani vyote, namba yako ya simu unaweza kuificha. Notisi, paspepa, picha za mahafali kwa ubora wake halisi bila kubanwa, zote ziko huko. Ila mjue chati za kawaida na magrupu ya Telegram hayana usimbaji wa mwanzo hadi mwisho, wakati WhatsApp inao kwa wote tangu 2016, watu wengi wanafikiria kinyume. Nyota nne kama kabati, mbili kama kijiwe.

Mwisho kuna wale wasio na apu hata moja. Darasani kwetu walikuwepo, mmoja simu yake ilizingua akarudi kwenye kitochi, mwingine alikuwa sehemu ambayo ukipata mtandao wa kupiga tu unashukuru. Tulifanya jambo la kizamani, kila mmoja wao akapewa watu wawili wa kumpigia, simu ya kawaida, na kumsomea yaliyotokea kijiweni. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozima dunia nzima kwa karibu saa sita, wale wa vitochi ndio waliokuwa na orodha ya namba zilizoandikwa kwenye karatasi, sisi wengine namba za watu wetu wote ziko kwenye simu na hatujui hata moja kwa kichwa. Andikeni namba. Na zihuishwe kila mwaka maana watu wanabadili laini bila kuaga, grupu letu lina namba kama tano ambazo sasa hivi hakuna anayejua zinashikwa na nani, admini amezitoa.

Kwa hiyo WhatsApp, kwa kazi hii na kwa watu wa aina hii, nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa ajili ya nafasi ya simu: voisi na video za kijiwe zinajaza simu ndogo mpaka inagoma kupiga hata picha, na mtu akifuta kwa haraka anafuta na zile alizotaka kubaki nazo. Ingieni kwenye mipangilio ya uhifadhi, zimeni kushuka zenyewe kwa video, voisi unazozipenda ziwekeeni nyota au zitumeni kule Telegram, kisha ndio mfute hayo mengine.